Muthokoi Ulioliwa kwa Jina Langu

Nakumbuka, mwanangu, siku moja niliyoulizwa kama nimeshiba chakula ambacho sikukila. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, nina duka langu la misumari, mabati na saruji pale sokoni Tawa, na kichwa kimejaa upepo. Aliyeniuliza alikuwa bibi kizee tuliyemwita Susu Kavinya. Susu kwetu Ukambani ni nyanya, na yeye alikuwa susu wa kila mtu, hata wa wale waliomzidi umri. Nilimcheka. Swali lake nimekuja kulijibu juzi juzi tu, nikiwa na miaka sabini na moja, na mwenyewe alishazikwa zamani. Keti basi nikwambie, maana naona nawe una simu mkononi na haraka miguuni, vile nilivyokuwa mimi, isipokuwa simu.

Kwanza nikueleze mwethya, kwa sababu ninyi vijana mnalisikia neno hili kwenye mikutano ya chifu mkadhani ni la serikali. Mwethya ni watu wa mtaa mmoja kukusanyika na majembe yao kufanya kazi bila malipo. Leo wanachimba mitaro ya shamba langu, kesho ya shamba lako, kesho kutwa wanajenga ukuta mtoni ili mchanga ukae, na maji yakae ndani ya mchanga. Udongo wetu hauna huruma na mvua yetu haina ratiba. Mtu peke yake hawezi. Ndiyo maana wazee wetu hawakuchoka kutuambia kwamba mtu ni watu.

Kikundi cha upande wetu kilikuwa cha nyumba kama ishirini hivi, wengi wao kina mama. Walipomaliza ukuta wa mtoni waliomba ile ardhi ya nyuma ya kanisa, wakaifanya bustani ya mboga. Kila nyumba ilipewa mstari mmoja wa kulima, ambao wenyewe wanauita laini. Lakini mistari ya katikati, ile iliyo karibu na maji, haikuwa ya nyumba yoyote. Hiyo ilikuwa ya wagonjwa, ya wajane, ya yeyote aliyeamka akakuta sufuria yake haina kitu. Siku ya kazi ilikuwa Alhamisi, na mistari ya katikati ndiyo iliyolimwa kwanza, kabla mtu hajagusa wake.

Kazi ikiisha, watu walikula muthokoi kutoka sufuria moja: mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakapikwa na mbaazi mpaka yakalainika. Na hapo palikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Kama mwenzao ni mgonjwa au amefiwa, sehemu yake ya muthokoi haikurudishwa kwenye sufuria. Mtu mmoja aliichukua, akalitaja jina la yule aliyekosa, kisha akaila kwa niaba yake. "Hii ni ya fulani," alisema, na wenzake wakaitikia. Mimi niliposimuliwa habari hiyo na mke wangu nilisema ni mchezo wa wanawake wenye njaa.

Mke wangu aliitwa Mumbua. Kwetu jina hilo hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha. Alikuwa wa kikundi hicho tangu mwaka alipoolewa nami na shida zangu zote, nami sikuwahi kukanyaga bustani yao. Wiki moja baada ya kujifungua mtoto wetu wa kwanza, Mutheu, Alhamisi ilifika, na sheria ilikuwa nyumba isikose mtu.

"Enda wewe," aliniambia, mtoto yuko kifuani. "Hata kama ni kubeba maji tu. Wakuone."

"Na duka nimwachie nani?"

"Duka haitatoroka, Nzioka."

Sikuenda. Nilikuwa na mtu aliyenibebea saruji, jina lake Musau, mwenye mabega mapana kama mlango. Nikampa kibarua cha siku, nikampa na jembe, nikamwambia aende akalime mahali pangu. Mwanangu, mimi nilikuwa mtu wa duka, na mtu wa duka huamini kwamba kila kitu kina bei yake. Jioni nikaambiwa Musau amelima kushinda wanawake wanne. Nilifurahi hata nikapiga mluzi nikifunga duka.

Kesho yake asubuhi Susu Kavinya aliingia dukani na fimbo yake. Alikuwa ametembea kutoka mtoni, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtu wa umri wake.

"Nzioka, wi museo?" alinisalimu.

"Ni museo, Susu. Nikupe nini?"

"Nipe kiti."

Nikampa kiti. Akakaa, akaangalia mabati, akaangalia ndoo zilizoning'inia, akaniangalia mimi.

"Jana ulikula?"

"Nilikula, Susu. Hapo kwa hoteli, chapati na maharagwe."

"Sijauliza ya hoteli. Jana tulikula muthokoi kule mtoni. Yako tulimpa yule mtu wako. Alikula kwa jina yako, na alikula vizuri. Mimi nimekuja kuuliza tu, ulishiba?"

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua misumari aliangua kicheko, nami nikacheka pamoja naye.

"Susu, kwani Musau hakulima?"

"Amelima kutushinda sisi wote."

"Sasa shida iko wapi?"

"Mimi sijasema kuna shida. Nimeuliza kama ulishiba."

Alingoja jibu, mwanangu. Alingoja kwa upole, kama mtu aliyeuliza njia. Mimi nikajifanya napanga makopo ya rangi. Mwisho akainuka, akanirudishia kiti changu mpaka nyuma ya meza nilikokitoa, na akasema, "Haya. Siku utashiba, utakuja kuniambia."

Maneno hayo niliyageuza kichekesho cha dukani. Miaka na miaka, mteja akimaliza kulipa na kupewa chenji yake nilimwuliza, "Ulishiba?" na watu wakacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kuna guu linalochukua miaka arobaini kuvunjika, na wakati huo wote mwenyewe anatembea akidhani ni mzima.

Mumbua aliporudisha nguvu alirudi bustanini mwenyewe, na hakuniambia tena niende. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Angenigombeza ningepata la kujibu. Alinyamaza tu, akawa anakwenda. Kila Alhamisi kina mama walipita kwenye ua wetu wakaita, "Mumbua! Jembe!" naye akaitika kutoka jikoni, "Nakuja!" Mchana alirudi na udongo kwenye pindo la gauni na kicheko ambacho kilikuwa hakijaisha. Sikumwuliza alicheka nini. Nilimwuliza kama kuna chai.

Watoto wetu watatu walikua, wakaenda zao, wengine Nairobi, Mutheu akaolewa Mombasa. Mumbua akaanza kuugua. Mwaka wake wa mwisho hakuweza kulima, lakini Alhamisi hakuikosa. Nilimpandisha kwenye bodaboda, nikafuata nyuma kwa nyingine, nikamshusha kwenye lango la bustani. Kulikuwa na jiwe huko ndani ya bustani, nilimwona akienda kukaa hapo. Kisha nikageuka. Hatua ishirini zilibaki niingie ndani, mwanangu, nami niligeuka kwa sababu nilikuwa nangojewa na mtu wa kununua nondo.

Alipofariki, kikundi kilikuja chote. Waliimba, walipika, walichota maji, walinishika mkono. Siku saba nyumba ilijaa. Siku ya nane wakarudi makwao, watoto wakarudi mjini, nami nikafunga mlango nikasikia saa ya ukutani. Sikujua kama tulikuwa na saa yenye kelele namna ile.

Sasa nikuambie upweke, kwa maana watu huutaja kanisani lakini hawauelezi. Upweke ni kupika ugali wa watu wawili kila siku kwa sababu mkono umezoea, halafu nusu wanakula kuku. Ni kwenda sokoni kukaa kwenye duka ulilompangisha kijana wa watu kutoka Murang'a, mtoto mwenye heshima, na kila mteja akiingia unasimama ukidhani ni wako. Ni kusikiliza matangazo ya vifo redioni ili usikie majina ya watu unaowajua. Mutheu alinipigia kila Jumapili baada ya ibada. Aliniuliza, "Baba, umekula?" nami nikasema nimekula, na ilikuwa kweli.

Lakini kilichonimaliza kabisa kilikuwa Alhamisi. Niliwasikia kina mama wakija kutoka juu, wanaongea, wanacheka. Wakikaribia ua wetu, sauti zilishuka. Walipita kimya, nyayo tu na majembe yakigongana, mpaka wakaupita mti wa mgunga ulio kwenye kona, ndipo mazungumzo yakaanza tena. Najua walifanya hivyo kwa heshima ya marehemu. Mimi nilisimama nyuma ya mlango na kikombe cha chai nikahisi nimezikwa na mimi. Miaka arobaini jina lilikuwa likiitwa kwenye lango letu, na halikuwa langu hata siku moja. Wangeniita mimi nani? Wangeniitia nini?

Ilipita miezi minane. Siku moja saa saba mchana nikasikia hodi. Alikuwa Mbithe, mwenyekiti wa kikundi, mama wa miaka hamsini na kitu, mjukuu wa yule Susu Kavinya. Alibeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Baba Mutheu, hii ni ya Mama Mutheu," alisema akiliweka mezani. "Laini yake bado tunalima. Kila Alhamisi mtu mmoja anakula kwa jina yake. Leo tumesema ije nyumbani."

"Asanteni sana."

"Lakini pia nimetumwa." Alikaa, akakunja mikono. "Kuna msichana anaitwa Ndinda. Mjane, ako na watoto wawili, na hana laini. Hatuwezi kumpa ya mtu kama nyumba haijaachilia. Ndiyo tunauliza. Tuachilie laini ya Mama Mutheu, ama nyumba iko na mtu?"

Nyumba iko na mtu? Niliangalia nyumba. Nilijiona mimi mwenyewe nimekaa ndani yake. Unajua kinywa changu kilisema nini? Mazoea yana taabu. Kinywa changu kilisema, "Nitawatumia mtu. Kuna kijana pale stendi ana nguvu sana."

Mbithe hakukasirika. Alinitazama kwa macho ya nyanya yake.

"Baba Mutheu," alisema, "watu tunao."

Kisha akaniambia nisiharakishe, atapitia bakuli Jumatano nimpe jibu, na akaenda.

Nilifunua bakuli. Ulikuwa muthokoi wa mbaazi, umewekewa kitunguu kibichi juu, kitunguu cha mstari wa mke wangu. Nilikula wote. Nilikwangua bakuli kwa kijiko, na nilipomaliza nilikuwa na njaa. Tumbo lilikuwa limejaa, mwanangu, lakini mimi nilikuwa na njaa. Hapo ndipo nilimsikia yule bibi kizee akiniuliza kama nimeshiba, na kwa mara ya kwanza sikucheka. Nyumba yangu ilikuwa na mtu miaka yote hiyo, na mtu huyo hakuwa mimi. Nilikuwa nimekula kwa jina la mwanamke niliyemwacha alime peke yake. Nililia mchana kweupe, kwenye meza, na kuku wamesimama mlangoni wakingoja nusu yao ya ugali.

Jumatano nilimpa Mbithe bakuli safi, nikamwambia nyumba iko na mtu. Hakuuliza ni nani.

Alhamisi nilisimama langoni mapema kuliko jogoo wa jirani. Nilikuwa na jembe jipya lililobaki dukani, mpini wake bado umefungwa karatasi ya nailoni kwa sababu sikukumbuka kuitoa. Nikawasikia wakija, wanacheka. Wakakaribia ua, sauti zikashuka. Wakaniona. Wakasimama, wakanitazama mimi na jembe langu. Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja mzee anayeitwa Kalekye, mwenye ulimi usio na mlango.

"Aiya! Tazameni jembe! Bado iko na nguo yake ya duka!"

Walicheka mpaka wengine wakaweka mizigo chini. Kalekye akanishika mkono akanipigia saluti. "Nzioka," alisema, "leo umefanana na jina yako." Maana Nzioka, kwa Kikamba, ni mtu aliyerudi.

Kule bustanini aibu yangu iliendelea. Sikujua mstari wa mke wangu ni upi, ilibidi Mbithe anionyeshe. Nikaanza kupalilia kwa bidii, nikitaka kuwaonyesha kwamba hata mtu wa misumari ana mikono. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia Kalekye akipiga yowe.

"Baba Mutheu! Hiyo ni managu! Umeng'oa mboga ya mke wako yote, umeacha nyasi!"

Ilikuwa kweli. Managu aliyoipanda Mumbua kwa mkono wake kabla hajalala kitandani, ikajiotea tena na tena, nilikuwa nimeing'oa nikaipanga kando vizuri kama magugu. Nilitaka ardhi inimeze. Wale kina mama waliiokota, wakaichambua, wakaitia kwenye sufuria, na mizizi iliyokuwa mizima wakairudisha ardhini. Hakuna aliyenilaumu. Walinipa sahani ya kwanza siku ile, na Alhamisi iliyofuata pia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alhamisi ya tatu Kalekye aliniwekea mitungi miwili mbele akaniambia leo mimi ndiye wa maji, na kwamba bustani hii haina mzee.

Utaniuliza nimepata nini huko. Vitunguu vipo, nyanya zipo, mgongo unaouma pia upo. Lakini thawabu yangu haikuota ardhini. Siku moja tulipokuwa tunakula, mama mmoja aliinuka akasimama mikono kiunoni, akatoa tumbo mbele, akasema kwa sauti nzito, "Msumari wa inchi ngapi? Unapigilia nini, mlango ama kitanda?" Wote wakaanguka kwa kicheko, kisha wakageuka kuniangalia. Ilikuwa sauti yangu. Ndivyo nilivyowauliza wateja maisha yangu yote. Nikauliza nani amewafundisha. Wakaambiana kwa macho, mwisho Kalekye akasema, "Nani tena? Mumbua alikuwa anatuchezea wewe kila Alhamisi."

Hicho ndicho kilikuwa kicheko alichorudi nacho nyumbani. Kilikuwa mimi.

Nilicheka, mwanangu, na machozi yananitoka. Tangu siku hiyo sikukosa kwa hiari yangu. Kila Alhamisi mmoja wao ananiletea kipande cha mke wangu nisichokijua: kwamba aliimba sauti ya chini kuliko wanaume wa kwaya, kwamba aliogopa vyura, kwamba aliwahi kuanguka kisimani akatoka na ndoo bado imejaa. Nililala na mwanamke huyu nyumba moja miaka arobaini na mbili, na wenzake wa jembe walimjua upande mzima ambao mimi sikuwahi kuuona. Majuto ni mjukuu. Mimi wangu namlea siku za uzee.

Na kuna kipande kimoja nilichopewa nisichokitarajia. Kalekye alinipa tukiwa tunamwagilia mistari ya wagonjwa, wala hakukipa uzito wowote.

"Yeye alijua utakuja," alisema.

"Nani?"

"Mumbua. Kila mwaka tukiuliza, huyo bwana yako tutamwona lini, anasema, atakuja tu. Mtu hawezi kuitwa Nzioka bure."

Niliweka ndoo chini. Nilienda mwisho wa mstari, nikakaa kwenye lile jiwe lake, na kina mama wakaendelea na kazi wakijifanya hawanioni. Alikuwa amenitetea mbele ya watu mwaka baada ya mwaka, na mimi nilikuja alipokuwa hayupo wa kuniona. Sina dawa ya jambo hilo. Nakuambia tu ili usilipate na wewe.

Ule mstari sikuuachilia, lakini niliukata katikati, nusu nikampa Ndinda. Ni msichana wa maneno machache. Tunalima sambamba, yeye na wake aliyeondoka, mimi na wangu, na inaweza kupita asubuhi nzima hatujasemezana zaidi ya "nipe hiyo ndoo." Sikudanganyi kwamba upweke umeniacha. Jumatatu uko, Jumanne uko, saa ya ukutani bado ina kelele. Alhamisi huwa naufungia ndani ya nyumba, nikirudi naukuta palepale.

Sasa sikiliza hili la mwisho. Wakati wa mvua ndefu za masika zilizopita nilishikwa na homa na kifua. Jumatano nilituma ujumbe kwa Mbithe kwamba sitaweza. Alhamisi asubuhi nililala kitandani nikawasikia wakija kutoka juu, wanaongea. Nikajua wakifika kwenye ua watashusha sauti, maana wanajua mna mgonjwa. Nikafumba macho ningoje kile kimya.

"Nzioka! Jembe!"

Nilikaa kitandani. Ilikuwa sauti ya Kalekye, na nyuma yake wote.

"Mimi siji!" nilipiga kelele kwa kifua kibovu. "Ni mgonjwa!"

"Tunajua!" wakajibu. "Tunakuita tu!"

Wakapita wakicheka, na kicheko hakikukatika mpaka kwenye mgunga na ng'ambo yake.

Saa nane mchana Ndinda alisimama mlangoni, udongo mpaka magotini. "Mzee, tumelima laini yako," alisema. "Muthokoi yako nimekula mimi, kwa jina yako. Pole, hakuna yenye imebaki." Kisha, kwa kuwa si mtu wa maneno, akaniwekea maji ya kunywa karibu na kitanda, akaenda kwa watoto wake.

Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu kinywani isipokuwa chai ya rangi. Nililala pale nikiliangalia paa la mabati ya dukani mwangu, nikajipima vizuri, kama mtu anayetafuta mahali panapouma. Sikuwa na njaa. Nikasema kwa sauti, ndani ya chumba kisicho na mtu, "Susu, nimeshiba."

Basi mwanangu, hii ndiyo nasaha yangu, na sitaifunika kwa methali. Kikundi kikikuita, usitume mtu. Usitume kitu kwenye simu ukadhani umefika. Kazi inaweza kufanywa na yeyote mwenye mabega, lakini jina lako haliwezi kubebwa na kibarua. Enda mwenyewe, hata kama hujui managu na nyasi, hata kama jembe lako bado limevaa karatasi. Ukikosea watakucheka, na mtu anayechekwa na wenzake hayuko peke yake. Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayekwenda kila Alhamisi akirudi na kicheko, mwulize amecheka nini. Ikiwa zimebaki hatua ishirini ufike alipo, zitembee. Mimi niligeuka, na hizo hatua ishirini nimezitembea nikiwa mzee, peke yangu.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na ardhi inayosikia jembe. Jina lako liitwe langoni asubuhi, nawe uwe na miguu ya kuitika. Na siku miguu hiyo itakapokataa, akuwekee mtu wa kula sehemu yako kwa jina lako, nawe ulale umeshiba.